Komeo la Stoo

Komeo la stoo liko nje. Aliyefungiwa ndani hawezi kulifikia hata angekuwa na mikono ya pweza, na siku ile aliyefungiwa alikuwa mtoto ambaye kitasa chenyewe alikifikia kwa kusimamia vidole. Lakini baba yake alipokuja kumfungulia alikuta komeo limevutwa, mlango uko nusu wazi, na mtoto ameketi sebuleni kwenye zulia akiitazama tivii iliyozimwa.

"Umetokaje?" baba akauliza.

"Si umenifungulia?" mtoto akasema. Alikuwa bado ana kwikwi ya kilio. "Baba, mbona mkono wako ulikuwa wa baridi?"

Mtu mwenye akili timamu angesimama hapohapo. Angelitazama komeo, angemtazama mtoto, angemwita hata jirani asiyeelewana naye. Huyu alicheka, akampa mtoto biskuti, akarudi chumbani mbio kusikiliza alichorekodi. Alipokisikiliza akapiga paja kwa furaha.

Na tumwite kwa jina alilojibandika mwenyewe, Mtaalamu. Utaalamu wa nini, hajawahi kueleza. Nyumba ililishwa na cherehani ya mkewe, kodi ililipwa na cherehani ya mkewe, na hata simu aliyojirekodia ilinunuliwa na cherehani hiyohiyo. Yeye alikaa chumba cha mwisho cha nyumba, pazia jeusi dirishani, akiwasimulia watu wa mtandaoni habari za gemu za Kijapani zenye laana.

Visa vyenyewe mnavijua. Kuna gemu ya zamani ambayo wimbo wake huwafanya watoto waugue. Kuna nyingine ambayo mchezaji wake alikufa, lakini kibwana chake cha ndani ya gemu bado kinatembea chenyewe kwenye kioo. Kuna mashine ya gemu iliyowekwa mahali fulani, watu wakaicheza wakapoteza fahamu, kesho yake ikatoweka. Ukiuliza nani aliona, utaambiwa ni binamu ya rafiki wa mtu. Visa hivi vyote vina baba mmoja: mtu mzima aliyekosa kazi ya kufanya. Mtaalamu alikuwa akivichukua kwa wenzake, anabadilisha rangi ya gauni la mzimu, anavirudisha mtandaoni kama vyake. Debe tupu haliachi kuvuma.

Siku moja akapata kwa muuza vyombo vya umeme vilivyotumika kaseti ya gemu ya Kijapani ambayo hakuna mwenzake aliyekuwa nayo. Ilikuwa gemu ya kitoto, haina ubaya wowote. Kibwana kimeshika taa kinazunguka jumba kubwa kikiwasha taa za vyumba, na mwisho wa korido moja kuna mlango usiofunguka. Haufunguki kwa sababu aliyeitengeneza aliuchora kama pambo. Basi. Lakini Mtaalamu aliutazama mlango ule akaona bahati yake imefika. Akazua kwamba fundi aliyeitengeneza gemu hiyo huko Japani alimfungia bintiye ofisini ili amalize kazi kwa utulivu, akamsahau, mtoto akafa, na sauti yake ikaingia ndani ya kaseti. Ukisimama mbele ya mlango ule ukatega sikio, unamsikia akiomba.

Hakuna fundi huyo. Hakuna mtoto huyo. Kilichohitajika ni sauti tu, na sauti ilikuwepo nyumbani.

Bintiye walimwita Chiriku, na jina hilo hakupewa bure. Aliongea akila, aliongea akioga, aliongea usingizini, aliviuliza vifungo vya mama yake maswali na kuvijibia mwenyewe. Mtaalamu akamkalisha mbele ya kipaza sauti, akamfundisha kusema "Nifungulie, baba," akaichomeka sauti hiyo ndani ya video ya gemu. Watu wakatazama. Wengine wakaandika kwamba nywele zimewasimama. Lakini mmoja, aliyejiita Nyundo, akaandika: "Sauti ya mtoto ni ya kuigiza. Huyo ameshiba na anataka kucheka."

Sifa zote alizopewa hakuziona. Aliliona neno la Nyundo peke yake. Alilala nalo, akaamka nalo, akawa mchungu kama shubiri kwa mtu asiyemjua hata sura. Mkewe alipotoka kupeleka nguo za watu, akamwambia mwanawe, "Chiriku, ingia stoo unitafutie kile kikapu cha kamba." Kipaza sauti alikwishakificha nyuma ya ndoo. Mtoto akaingia, baba akasukuma komeo, akaenda chumbani kwake kuvaa hedifoni. Alisikia mtoto akicheka kwanza, akidhani ni mchezo. Akamsikia akigonga. Akamsikia akilia, akiita, sauti ikikauka, na yeye huko alikokaa akitikisa kichwa kama mtu anayeonja mchuzi ukamkolea.

Katikati ya kilio hicho kulikuwa na maneno ambayo hakumfundisha. "Baba, nifungulie. Kuna mtu humu." Alipokuwa akiihariri video akayakata maneno hayo ya mwisho, kwa sababu yaliharibu kisa chake. Mtoto wa gemu alitakiwa awe peke yake.

Video mpya ikawaka moto. Wakaicheza na kuirudia, wakatumiana, wakaiweka kwenye simu zao iwe mlio wa kuwashtua wenzao. Mtaalamu akawa anatembea kifua mbele kama aliyejenga daraja. Ndani ya nyumba, sauti ya Chiriku ikaanza kukwaruza.

Mama alidhani ni mafua. Akampa maji ya moto, akamfunga kitambaa shingoni. Sauti ikawa ya kunong'ona, kisha ikawa pumzi tu, kisha mtoto akaacha hata kujaribu. Daktari alimmulika koo akasema koo ni zima. Lililomtisha mama zaidi ni kwamba kila alasiri mtoto alikwenda kuketi kwenye zulia mbele ya tivii iliyozimwa, akijitazama kwenye kile kioo cheusi. Siku moja mama alipita nyuma yake na ndoo ya maji akaona mdomo wa mtoto umefumba, na mdomo wa yule mtoto wa kwenye kioo unasema.

Alimwambia mumewe. Mumewe akasema ni mwanga wa dirishani.

Kukaja harufu. Ilikuwa harufu ya nguo mbichi zilizosahaulika kwenye ndoo, ikitoka stoo na kutambaa korido nzima, na mama alitoa stoo kila kitu, akapiga deki, akaanika nje hata viatu vibovu, harufu isitoke. Jioni akishaondoa vitu vyake cherehanini, alilifunga komeo kwa mkono wake mwenyewe. Asubuhi alilikuta limevutwa.

Halafu ikaja ile jioni ya sare. Alikuwa na sare za shule za watu za kumaliza, mtoto amelala chumbani mlango ukiwa wazi ili amwone, na ngurumo ya cherehani imeijaza sebule, ndipo aliposikia kwa chinichini mtoto akisema nifungulie, akadhani ni mumewe na video zake, akaendelea kukanyaga pedeli. Ikaja tena, karibu zaidi, nifungulie, akamlaani mumewe kimoyomoyo na kuusogeza mshono, na ilipokuja mara nyingine akaondoa mguu kwenye pedeli ili apige kelele, cherehani ikanyamaza, lakini sauti haikunyamaza, ikaendelea kuomba kwa ile sauti anayoijua tangu mtoto yuko mchanga, na akageuza shingo polepole kwenye tivii, akaona imezimwa, akaufuata waya wake kwa macho mpaka chini, akaona umelala sakafuni, haujachomekwa popote.

"Chiriku?" akanong'ona.

"Mama," tivii ikajibu. Chumbani mtoto alikuwa amelala, mdomo umefumba, anapumua vizuri tu.

Hapo hata Mtaalamu alipauka. Kwa miaka aliwauzia watu hofu, na ilipoingia kwake mwenyewe alisimama nyuma ya mkewe. Akaichukua ile kaseti akaiponda kwa jiwe nje ya nyumba, akachoma vipande, akafukia majivu, akarudi akijifuta mikono.

"Imekwisha," akasema. "Lilikuwa jini la Kijapani. Wale ni wabaya sana, nimewasoma."

"Nifungulie," ikasema tivii.

Mganga aliyepatikana alikuwa mama mtu mzima, mnene, mwenye miwani, anayepokea watu katika chumba cha ghorofani juu ya duka la rangi za nyumba. Hakupenda maneno mengi. Mtaalamu alianza kumweleza kuhusu Japani, kuhusu fundi na bintiye, kuhusu roho zinazoishi ndani ya mashine, na akapendekeza watafute dua kwa lugha ya huko ili jini aelewe.

"Jini hana pasipoti," mganga akamkatiza. "Kaa kimya. Mama, mlete mtoto."

Akakaa na mtoto mapajani, akachoma ubani kidogo, akamsomea na kumpulizia utosini. Muda si mrefu Chiriku akanyoosha shingo, akafungua mdomo, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mtu mzima, tulivu, iliyochoshwa, kama ya karani aliyeulizwa swali lilelile kutwa nzima.

"Mnataka nini?"

"Wewe ni nani, na umetoka wapi?" mganga akauliza.

"Sijatoka popote. Nakaa stoo. Nilikuwepo kabla nyumba haijaezekwa. Wanatupa ndoo juu yangu, wanatupa viatu, nimenyamaza. Sijamgusa mtu."

"Na mtoto huyu?"

"Huyu aliniomba."

"Alikuomba nini?"

"Afunguliwe. Alifungiwa ndani, akaomba mpaka koo likamkauka. Baba yake alikuwa anamsikia. Alikuwa amevaa vile vidude vyake masikioni, anamsikia vizuri kuliko ninavyokusikia wewe, na anafurahi. Nikafungua mimi. Aliyefungua ndiye mwenye mtoto."

Mama Chiriku aligeuka akamtazama mumewe. Mumewe akaanza kutazama kupitia dirishani makopo ya rangi yaliyopangwa nje ya duka kana kwamba anataka kununua.

"Baba Chiriku," hatimaye mama akasema kwa sauti ndogo, "ulimfungia mwanangu?"

"Ilikuwa dakika chache tu. Ni kazi, mke wangu. Ilibidi isikike kweli."

"Ulimfungia mwanangu gizani ili isikike kweli?"

"Nyamazeni, ninyi wawili," mganga akasema. Akainama kwa mtoto. "Wewe wa stoo, mama yake hakuwepo."

"Mama simdai kitu."

"Basi mrudishie mtoto wake."

"Nimrudishe vipi wakati bado anaomba? Kila mtu akiicheza ile sauti, mtoto ananiomba upya. Na mimi kila akiomba nafungua. Ameshapita sauti, karibu atapita mwenyewe. Zizimwe zote. Isibaki hata moja. Asipoomba, sifungui. Lakini ikisikika tena hata mara moja, hata kwa sikio moja, msije hapa kunisomea. Nitakuwa nimemchukua kwa haki."

Mganga alikubali kwa niaba yao, kisha akamgeukia Mtaalamu. "Umesikia. Uifute kila mahali, na uwaambie watu wako waifute. Uwaambie ulimfungia mwanao na kwamba habari za Japani ulizizua. Jini ametoa neno lake, nami nimempa langu nikitegemea lako. Una neno wewe, bwana?"

"Ninalo, mama. Naapa."

Alifuta mbele yao. Alijirekodi akikiri, uso umemwiva kwa aibu, na baadhi ya watu wakamtukana, na matusi hayo aliyastahili yote. Zile nakala zilizozagaa zikafutwa na wenyewe, wengine kwa kuona haya, wengine kwa sababu watu wa mtandaoni huchoka na kitu upesi. Harufu ikaondoka stoo. Na asubuhi moja mama alikuwa akipiga pasi, akasikia nyuma yake kisauti kinachokwaruza kikisema, "Mama, kwa nini pasi haina macho?" Aliiacha pasi ikaunguza shati la mteja. Alimkumbatia mtoto akalia mpaka akashikwa na kwikwi, na Chiriku akaendelea kuuliza habari za pasi, kisha za shati, kisha kwa nini watu wazima wanalia wakifurahi. Kwa siku hizo nyumba ile ilikuwa na raha ambayo haikuwahi kuwa nayo.

Hadithi ingeishia hapo kama baba angekuwa mtu mwingine.

Alikuwa amebakiza nakala moja. Aliitia kwenye kadi ndogo ya simu, akaificha ndani ya soksi. Si kwamba alikuwa na mpango nayo, hapana. Ilikuwa tu kazi bora kuliko zote alizowahi kufanya, na kuifuta kungemuuma kuliko kulivyomuuma kunyamaza kwa mwanawe. Mambo mengine mtu huyasema kwa unyonge, lakini hili lisemwe wazi: alimpenda mtoto, ila alijipenda zaidi yeye mwenyewe.

Kisha Nyundo akaandika tena. "Nilijua. Amefuta kwa sababu ilikuwa feki. Hakumfungia mtoto wala nini, hana hata ujasiri huo."

Tazama mtu mzima anavyoweza kuwa mjinga. Kukanushiwa kosa lake kulimuuma kama sifa aliyonyimwa. Alitembea chumbani huku na huku akibishana na Nyundo kimoyomoyo, kwamba ile sauti ilikuwa ya kweli, kilio cha kweli, hofu ya kweli, na akatamani aisikie tena ahakikishe, aisikie yeye tu. Akafunga mlango. Akavaa hedifoni, kwa sababu alijiambia kuwa hedifoni haimsumbui mtu na masikio yake si ya watu. Jini alisema hata kwa sikio moja, naye alikuwepo, alisikia. Lakini sikio la kufa halisikii dawa.

Akaicheza.

Alisikia mvumo wa stoo, ndoo ikigongwa na mguu, kisha mahali ambapo mtoto alipaswa kuanza kucheka hapakuwa na kicheko, palikuwa na pumzi tu, nzito, ya mtu aliyekaa karibu sana na kipaza sauti akisubiri, na aliposogeza mbele mpaka kwenye kilio akakuta hakuna kilio, akasogeza tena akakuta hakuna kitu, na wakati anavua hedifoni alilisikia komeo la stoo huko korido likivutwa taratibu, chuma juu ya chuma, mpaka mwisho wake, na Chiriku aliyekuwa sebuleni akimweleza mama yake habari za kuku wa jirani akakatika katikati ya neno.

Alipofika sebuleni mama alikuwa amepiga magoti, amemshika mtoto mabega. Mtoto alikuwa na joto, alikuwa anapumua, macho yalikuwa wazi. Hakuwa anamtazama mtu.

"Chiriku. Chiriku, mama. Malizia. Kuku akafanyaje?"

Nyuma yake, ndani ya tivii isiyochomekwa, mtoto alianza kulia.

Mganga hakuwafungulia mlango. Alisema kutoka ndani, kwa sauti ya mtu anayesikitika na asiyebadili kauli, kwamba neno lake alilitoa kwa neno la bwana yule, na neno la bwana yule sasa wote wanajua thamani yake. Walitafuta wengine. Wengine waliingia sebuleni, wakasikia, wakatoka bila kuvaa viatu.

Mama hakuhama. Ndugu zake walimwambia aondoke nyumba ile, akawauliza aondoke na yupi amwache yupi. Amehamishia cherehani mbele ya tivii. Anashona, mtoto yuko mapajani kimya, na anazungumza na kioo kutwa nzima, anajibu maswali, anaimba, na jioni anakiambia kilale. Hamsemeshi mumewe. Anapopita karibu yake, anavuta upindo wa kanga yake pembeni ili asimguse.

Na Mtaalamu? Mtaalamu alijirekodi. Safari hii hakuweka muziki wala pazia jeusi. Aliketi kwenye zulia la sebuleni, macho mekundu, kamasi zikimtoka, akawaomba watu wote waliowahi kumsikiliza kwamba yeyote anayejua mahali mlango ulipo, yeyote, amwambie, atakwenda kwa miguu. Na wakati anasema hayo, nyuma yake mwanawe alikuwa anamwita kwa sauti iliyokauka, baba, nifungulie, baba, kuna mtu humu, na yeye akageuka akaweka kiganja kwenye kioo akasema sijui nifungue wapi, mwanangu, sijui nifungue wapi.

Akaiweka mtandaoni, akakaa kusubiri msaada. Watu wakaja kwa wingi kuliko wakati wowote. Wakacheka, wakashangilia, wakasifu machozi yake.

Wa kwanza kuandika alikuwa Nyundo. "Leo nakubali," aliandika. "Sauti ya mtoto umeipatia."